Nenosiri Lako Limelala kwenye Daftari la Saiba

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba (vibanda vya intaneti) za mjini Bondo hazipumui. Mamlaka ya kodi, KRA, inataka ripoti ya kodi kupitia mtandao wake wa iTax kutoka kwa kila mtu mwenye PIN, nambari ya mlipa kodi, kufikia tarehe 30, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya angalau shilingi 2,000 hata kama hakupata mapato yoyote mwaka huo. Kwenye foleni yumo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa masomo wa HELB. Yumo mama anayenunua omena Usenge na kwenda kuiuza Kisumu, na mvuvi wa Wichlum anayejua tu kwamba jina lake limo katika mitambo ya serikali na kwamba asipofika hapa atadaiwa. Kijana wa saiba anauliza swali lile lile kwa kila anayeketi.

"Mama, paswadi yako ya iTax ni gani?"

"Si wewe uliniwekea mwaka jana, mwanangu? Angalia kwa kile kitabu."

Na kitabu kipo, daftari la shule lililochorwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya simu, barua pepe, nenosiri. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka.

Wataalamu wenzangu wa usalama wa kompyuta wakiliona daftari kama hilo hushika kichwa, kisha humlaumu mama. Kwa nini ampe mtu mwingine nenosiri lake? Naona lawama hiyo inamwendea asiyestahili. Ushauri wa "usimpe mtu nenosiri" ulitungwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta yake, intaneti yake na mazoea ya kujaza fomu kwa Kiingereza. Mama wa omena hana hata kimoja kati ya hivyo. Serikali imempeleka mtandaoni kwa lazima bila kumpa chombo cha kufika huko, na kijana wa saiba ndiye aliyemvusha. Katika sehemu kubwa ya ufuo huu wa ziwa, saiba ndiyo mlango halisi wa serikali ya kidijitali, na mlango huo haumo katika mpango wa usalama wa mtu yeyote.

Tazama jinsi mzigo ulivyoongezeka. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya kuendesha gari, cheti cha tabia njema kwa anayetafuta kazi, vyote hupitia humo, na malipo huingia kwenye paybill moja, 222222. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka, SHA ikachukua nafasi yake, na watu wakatakiwa kujisajili upya. Hapo angalau wizara ilifikiria vizuri, kwa sababu mwenye kabambe, simu ndogo ya vibonye, aliweza kujisajili kwa kubonyeza *147#. Huduma nyingi za eCitizen hazina njia ya namna hiyo, hivyo safari ya saiba haikwepeki.

Nieleze sasa hatari yenyewe iko wapi, maana wengi hudhani iko kwenye nenosiri la iTax. Iko kwenye barua pepe. Mtu asiye na barua pepe hufunguliwa moja papo hapo, kwa haraka, na mara nyingi kwa kanuni ileile kwa kila mteja: jina la kwanza na mwaka wa kuzaliwa. Kampuni ya barua pepe inapouliza nambari ya simu ya kurejesha akaunti, kijana huweka ya kwake, kwa sababu msimbo wa uthibitisho unaingia hapo hapo na kazi inakwenda. Hana nia mbaya hata kidogo. Lakini tangu dakika hiyo, mwenye barua pepe machoni pa kompyuta ni yeye. Mitandao mingi hukuruhusu kubonyeza "nimesahau nenosiri" ukatumiwa kiungo kipya kwa barua pepe. Anayeishika barua pepe anaweza kubadilisha nenosiri la kila akaunti iliyofungwa nayo, bila kulijua la zamani. Barua pepe ni ufunguo wa nyumba, na yale manenosiri mengine ni funguo za vyumba.

Mwaka unaofuata kijana ameacha kazi, amehamia Kisumu, ametupa laini yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mama sasa hawezi kuingia kwenye akaunti yake, na msimbo wa kuirejesha unakwenda kwa mgeni kabisa. Hapo huanza safari za kufuata urejesho wa akaunti, nauli juu ya nauli.

Kuna pia mabaki yanayobaki ndani ya mashine. Kivinjari huuliza kama kihifadhi nenosiri, na mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Folda ya vitu vilivyopakuliwa hujaa pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na taarifa za benki za watu ambao wameshalipa na kuondoka. Wateja hutuma picha za vitambulisho kwa WhatsApp ya saiba ili zichapishwe, nazo hukaa kwenye simu ya mhudumu miezi na miaka. Hata mashine kubwa za fotokopi hazina usahaulifu ambao watu hudhani zinao: nyingi za kisasa zina diski ndani yake inayoweza kuhifadhi sura za karatasi zilizopita, na zikiuzwa kwa mkono wa pili zinaweza kuondoka na sura hizo. Na kompyuta inayotumia programu zilizovunjwa kufuli, ambazo mara nyingi hazipati marekebisho ya usalama, ni mahali pepesi pa kupandikiza programu ya kunasa kila kinachoandikwa kwenye kibodi.

Mtu atauliza, nambari ya kitambulisho ya mvuvi ina faida gani kwa mwizi? Juni 2021 Wakenya wengi walipewa nafasi ya kuangalia kwenye eCitizen kama wamesajiliwa katika chama cha siasa, wakashangaa kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Majina na nambari zao zilikuwa zimechukuliwa mahali fulani na kuingizwa. Hapo kilichopotea ni heshima ya mtu na uhuru wake wa kuchagua. Kwenye wizi wa laini hupotea pesa. Mwizi anapiga simu, anataja majina yako matatu na nambari ya kitambulisho bila kukosea, nawe unaamini kwamba ni mhudumu wa kampuni. Akipata kidogo zaidi, anahamisha laini yako kwenye simkadi yake. Dalili kubwa tunayowafundisha watu ni simu kupoteza mtandao ghafla. Mvuvi wa omena hufanya kazi usiku, ndani ya ziwa, chini ya taa, na mtandao kumpotea huko ni jambo la kila siku. Dalili hiyo haimwambii lolote. Anaporudi asubuhi M-Pesa imekauka.

Kwa hiyo mwenye laini ya Safaricom afanye mambo haya akiwa nchi kavu. Abonyeze *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Abonyeze *100*100# aizuie laini yake isibadilishwe bila yeye mwenyewe kufika dukani na kitambulisho. Ajue kwamba kampuni hiyo huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na ujumbe wa kitapeli autume kwa 333 bila malipo. Hayo yanasaidia. Hayafuti daftari.

Tarehe 27 Julai 2023 nchi nzima ilizungumzia usalama wa mitandao. Kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia eCitizen, mtandao ukakwama kwa siku kadhaa, wasafiri wakapewa viza wakifika uwanja wa ndege, na watu wakahangaika kununua tokeni za umeme. Shambulio lilikuwa la mafuriko: maelfu kwa maelfu ya maombi bandia yalitumwa kwa wakati mmoja hadi mitambo ikalemewa na kushindwa kuwahudumia wateja wa kweli. Waziri wa teknolojia wakati huo, Eliud Owalo, ambaye ni mtu wa huku kwetu Asembo, alisema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo. Mafuriko yalifunga mlango kwa siku chache, na serikali ikakimbia kuuimarisha. Kinachovuja kimyakimya juu ya meza ya saiba hakijawahi kuitiwa kikao na waziri yeyote.

Sheria ipo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu achukue zile tu anazohitaji, azitumie kwa kazi aliyoitaja, na asizishikilie kupita muda unaohitajika. Kanuni zake zinawaondolea wajibu wa kujisajili wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, na saiba nyingi za Bondo zinaingia humo. Wengi wamelielewa vibaya jambo hili. Kusamehewa kujisajili hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nguvu ipo, ila haijashuka hadi vijijini.

Na wakati huohuo tumeona nguvu nyingine ikishuka haraka mno. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, ng'ambo ya ghuba kutoka hapa Bondo, kwa madai ya kuchapisha habari za uongo mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa mwili ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Dola iliyoweza kumfikia mwalimu huyo kijijini kwa siku chache kwa sababu ya maneno haiwezi kudai kwamba kijiji kiko mbali inapotakiwa kulinda nambari ya kitambulisho ya mama wa omena. Hili linaniuma, na sitalizungumza kwa upole.

Dawa ya kiufundi inajulikana, na kwa sehemu tayari tunayo. Mwenye biashara kubwa hampi mhasibu wake nenosiri. Kwenye iTax anamteua rasmi kuwa wakala wake, mhasibu anaingia kwa jina lake mwenyewe, na kila anachokifanya kinarekodiwa. Kwa nini eCitizen isimpe mama haki hiyohiyo? Anafika saiba, anabonyeza msimbo kwenye kabambe yake, anamruhusu kijana kwa huduma moja na kwa dakika chache, kisha ruhusa inakufa. Nenosiri halitajwi, na daftari halina kazi.

Tahadhari moja. Kuwasajili mawakala peke yake hakutoshi. India ina mtandao mkubwa wa vituo vya huduma vya vijijini, lakini Januari 2018 gazeti la The Tribune lilifichua kwamba kwa rupia 500 lilinunua njia ya kuingia kwenye kumbukumbu za Aadhaar, kitambulisho cha taifa cha huko. Ruhusa ilikuwa pana mno na haikuwa na mwisho. Ndiyo maana nasisitiza huduma moja, dakika chache.

Hilo la eCitizen lina wakubwa wake Nairobi na huenda likachelewa. Hapa Bondo kuna lisilohitaji kuchelewa. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kinafundisha shahada ya usalama wa kompyuta na uchunguzi wa kidijitali, na saiba zimepangana umbali mfupi kutoka lango lake. Nakiomba kiwatume wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne kwenye saiba hizo kama sehemu ya mafunzo yao: wafute folda mwisho wa siku, wazime uhifadhi wa nenosiri kwenye vivinjari, waweke programu halali zisizo na malipo, na wamsaidie kila mteja kuhamishia barua pepe yake kwenye nambari ya simu yake mwenyewe. Mwenye saiba naye aandike nenosiri kwenye karatasi ampe mteja aende nalo nyumbani. Karatasi moja iliyofichwa ndani ya sanduku la mama ni salama kuliko majina mia tano katika daftari moja mezani.

Nawe msomaji ambaye habari zako zimetumiwa bila ridhaa yako, usinyamaze kwa kudhani kwamba kesi ni ya wenye mawakili. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakuruhusu kumlalamikia Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90.