Nyama za Pua: Usikimbilie Kukatwa

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na ukungu zikitanda Nyeri, Karatina na Othaya, wengi wetu huziba pua. Kule Naro Moru na Nanyuki, vumbi la kiangazi huleta shida iyo hiyo. Kwa kawaida mafua huisha baada ya wiki moja hivi. Lakini kuna mtu ambaye pua yake imeziba mwaka mzima. Hulala mdomo wazi, huamka koo limekauka, na hata harufu ya chakula haisikii vizuri. Majirani humwambia: "Wewe una nyama za pua, nenda ukatwe!"

Msomaji mpendwa, kabla hujauza mbuzi ili ulipie upasuaji, soma haya kwanza.

NYAMA HIZI NI NINI?

Ndani ya pua, kila upande, kuna vijifupa vitatu vilivyojikunja, vimevikwa utando laini wenye damu nyingi. Kila binadamu anavyo. Si ugonjwa. Kazi yake ni kupasha hewa joto, kuitia unyevu na kunasa vumbi kabla hewa haijafika mapafuni. Huvimba na kunywea kwa zamu: upande mmoja ukiziba kidogo, baada ya saa chache huwa zamu ya upande mwingine. Hiyo ni kawaida.

Shida huja vikivimba visirudi, hasa vile vya chini ambavyo ndivyo vikubwa. Mara nyingi sababu ni mzio (aleji) wa vumbi la nyumbani, chavua ya nyasi au manyoya ya wanyama. Moshi wa kuni katika jikoni isiyo na dohani huongeza taabu. Sababu nyingine ni matone ya kuzibua pua yanayonunuliwa kwa kemisti. Ukiyatumia kupita siku tano hivi, pua huyazoea, na kila ukiacha inaziba zaidi.

JINA MOJA, MAMBO MENGI

Tukisema "nyama za pua" huwa tunachanganya mambo. Kwa mtoto anayekoroma, mara nyingi ni tezi zilizo nyuma ya pua. Kwa mtu mzima huenda ikawa ni polipu, yaani vivimbe laini mfano wa zabibu, au ukuta wa katikati ya pua umepinda. Kila moja lina matibabu yake. Basi muulize daktari: "Ni nyama gani hasa?"

KWANZA DAWA

1. Punguza chanzo: toa moshi jikoni, anika blanketi juani, funika pua unapopura mahindi au kufagia.
2. Osha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa.
3. Tumia dawa ya kupuliza puani uliyoandikiwa na daktari, kila siku, kwa wiki kadhaa. Haifanyi kazi kwa siku moja, na wengi huiacha mapema.

UPASUAJI

Haya yakishindikana, daktari wa masikio, pua na koo aweza kupunguza vijifupa vya chini. Hupitia ndani ya tundu la pua, kwa hivyo uso haubaki na kovu. Mgonjwa hutiwa ganzi au dawa ya usingizi. Daktari huchoma kidogo chini ya utando kwa joto la umeme ili usinyae, au hutoa sehemu ndogo, au husukuma kijifupa pembeni. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Pua huziba na kufanya magamba kwa wiki mbili tatu. Usipenge kwa nguvu, wala usibebe mizigo mizito siku za kwanza. Damu ikitoka bila kukoma, rudi hospitalini.

Neno kuu ni kupunguza, si kumaliza. Zikiondolewa zote, pua yaweza kubaki kavu, na mtu akahisi hapati hewa ingawa njia iko wazi. Hilo ni gumu kutibu. Tena, kama una mzio, upasuaji hauuondoi; bila kuendelea na dawa, uvimbe waweza kurudi.

UENDE WAPI?

Anzia zahanati iliyo karibu, au hospitali kama Mathari, Tumutumu au ile ya rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Akihitajika mtaalamu, utaandikiwa barua ya rufaa. Uliza gharama mapema, na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani.

USINGOJE ikiwa pua imeziba upande mmoja tu na inatoa damu, au kuna uvimbe shingoni. Mtoto anayetoa usaha wenye harufu mbaya tundu moja huenda ameingiza haragwe au shanga. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Pumzi ni zawadi ya Mungu. Tuitunze kwa busara. Tafadhali wasomee haya wenzako katika jumuiya.