Teke la Bunduki ya Mtutu Mmoja

Sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 yakataza kuwinda kwa mchezo katika Kenya, na kanga wa nchi tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, hawana la kulalamika. Hata hivyo, mwenye leseni ya bunduki ya marisawa yampasa kuijua silaha yake.

Bunduki ya mtutu mmoja ni nyepesi, na ndiyo sababu hupiga teke kali. Kadiri marisawa yanavyozidi uzito na mbio, ndivyo bega linavyoumia. Wawindaji wa batamzinga wa porini huko Marekani hufikia hata gramu 57. Anayejifunza shabaha, gramu 24 zamtosha. Aliyezoea kuumizwa hufumba macho kabla ya kufyatua, akakosa. Kitako na kikazwe begani, mwili ukiinama mbele kidogo.

Lakini iko hatari kubwa kuliko teke. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12, huteleza ikakwama ndani ya mtutu. Asiyejua hudhani hamna kitu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana risasi za namba 20 hupakwa rangi ya manjano. Zisichanganywe mfukoni kamwe.