Korosho Ghafi na Kazi Zetu: Somo Kutoka Msumbiji



Quiterajo ni kijiji cha wavuvi na wakulima katika wilaya ya Macomia, pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Hakina benki kuu wala soko la fedha. Hata hivyo, maamuzi yanayofanywa Washington hufika mpaka vijiji vya namna hiyo, na hufika mpaka mlangoni mwa kiwanda. Yanafikaje? Tutazame zao la korosho, ambalo watu wa pwani ile wanalijua vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa korosho, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baada ya uhuru wa 1975, Serikali ilizuia korosho ghafi kuuzwa nje ili zibanguliwe nchini. Lakini vita, ukame na madeni viliidhoofisha nchi. Mwaka 1984 ikajiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na mwaka 1987 ikaanza mpango wa kurekebisha uchumi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kushusha thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 1987 dola moja ilikuwa takriban metikali 40. Kabla ya mwaka kwisha ilifika 400. Maana yake ni rahisi: bidhaa ya nje ya dola moja sasa ilitaka fedha mara kumi. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukupanda mara kumi alikuwa amepunguziwa mshahara bila kupewa barua.

Kisha ikaja zamu ya korosho. Mwaka 1995 Benki ya Dunia ilitaka ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upunguzwe, ikisema mkulima atapata bei nzuri zaidi. Korosho zikapelekwa India kubanguliwa. Viwanda vikafungwa, na maelfu ya wabanguaji, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Na mkulima je? Wataalamu wa uchumi walikadiria baadaye kwamba familia ya kawaida ya wakulima wa korosho haikupata nyongeza ya hata dola 6 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya faida iliishia kwa wafanyabiashara wa kati.

Chama cha wafanyakazi wa korosho, SINTIC, hakikunyamaza. Kilipinga hadharani, na mwaka 1999 Bunge lilipandisha tena ushuru, kati ya asilimia 18 na 22. Viwanda vingi vikubwa vilikuwa vimekwisha fungwa, lakini miaka iliyofuata viwanda vidogo vya kubangua vilianza kufunguliwa, hasa Nampula.

Ndugu, hatusemi nchi isibadilike. Dunia inabadilika, na nchi maskini haiwezi kujifungia. Tunasema mabadiliko yana mwenye kuyalipia, na asiyekuwapo mezani ndiye huandikiwa hesabu. Tangu Novemba 2022 gesi ya bonde la Ruvuma inasafirishwa nje kutoka bahari ya Cabo Delgado, na watu wa Quiterajo, ambao vita viliwafukuza makwao mwaka 2020, wana haki ya kuuliza ajira ngapi zitabaki kwao.

Basi kila mkataba mpya unapotangazwa, tawi la chama liulize mambo matatu: mali inatoka ikiwa ghafi au imetengenezwa? Nani analipa deni? Mshahara utafuata bei? Tuulize mapema, kabla mlango wa kiwanda haujafungwa.