Vidonge Havishoni Neva

Kemisti za Thika na Ruiru huwauzia vidonge vya vitamini B watu wa kila aina wanaolalamika ganzi: mwenye kisukari, aliyekatwa na panga shambani, mwendesha bodaboda aliyeanguka mkono ukalegea. Wapo wanaofaidika kweli. Anayemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka anaweza kupungukiwa na B12, na upungufu huo huharibu neva. Akirudishiwa vitamini hiyo, hupata nafuu. Lakini neva iliyokatwa na panga haikupungukiwa na vitamini. Imetengana na kipande chake cha pili, na hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa kuiotesha upya.

Hata hivyo, neva ya mkono huweza kuota yenyewe, tofauti na uti wa mgongo. Kipande kilichotengwa huoza, seli za Schwann, zinazozifunika nyuzi za neva, husafisha njia na kuziongoza nyuzi mpya, nazo husonga takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni kama sentimita 30, yaani karibu miezi 10. Muda huo wote misuli inanyauka, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu mara nyingi haiamki tena, hata neva ikifika. Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa ya kuharakisha mwendo. Takrolimasi, inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, iliharakisha uotaji katika panya, ila hushusha kinga na huweza kudhuru figo zenyewe. Ni bei kubwa mno kwa kijana mwenye jeraha la kiganja. Tena panya ana mguu mfupi: neva yake hufika kabla misuli haijafa, kwa hiyo ushindi wake hautuambii mengi kuhusu mkono wa mtu mzima.

Mtu atasema jirani yake alimeza vidonge na mkono ukarudi. Yawezekana ulirudi. Neva iliyobanwa au kugongwa bila kukatika hupona yenyewe kwa wiki au miezi, na sifa huchukuliwa na kidonge kilichokuwapo. Mwingine atasema upasuaji wa kuunganisha neva ni ghali. Ni ghali, sikatai. Lakini miezi minne ya kungojea vidonge huliwa kutoka kwenye muda uleule wa misuli, na muda huo haununuliki tena. Basi ukikatwa na kidole kikafa ganzi au kikakataa kunyooka, nenda hospitali ya Thika Level 5 siku hiyohiyo, na uombe hisia na mwendo wa vidole vipimwe kabla ngozi haijashonwa.