Mkazi wa Nairobi anapokwenda kushindana katika joto la Pwani

Karani mmoja wa benki, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu na mkazi wa hapa karibu na Mountain View, alinijia kliniki akiwa mzima kabisa. Alikuwa amejiandikisha katika triathloni ya masafa marefu huko Pwani, yaani kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, yote kwa siku moja bila kupumzika. Kwa miezi mitano alikuwa akipanda Waiyaki Way kwa baiskeli kila Jumamosi alfajiri kuelekea Limuru, na Jumapili akikimbia katika msitu wa Karura. "Daktari," akaniuliza, "pumzi ninayo. Hilo joto litanifanya nini?"

Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za sweta. Mtu aliyezoea hali hii akishuka Mombasa hupata oksijeni zaidi katika kila pumzi, kifua kikawa chepesi, na miguu ikataka kwenda mbio kuliko kawaida. Hapo ndipo mtego ulipo. Misuli ni kama injini ya matatu: karibu robo tu ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki huwa joto. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo unavyojichemsha mwenyewe.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho linalodondoka chini halisaidii kitu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi, na Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hivyo halikauki upesi. Moyo nao hudaiwa pande mbili, kwa kuwa misuli inataka damu ya kukimbilia na ngozi inataka damu ya kutoa joto nje.

Anayedhani haya ni ya watu dhaifu na akumbuke Machi 24, 2007, Mombasa ilipoandaa mbio za nyika za dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kufika utepeni, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwaka wa 2019 huko Doha, marathoni ya dunia ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kukwepa jua. Hata hivyo, kati ya wanawake 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza. Mkenya aliyeshinda alitumia saa 2 na dakika 32, ilhali Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2 na dakika 17. Alipunguza kasi, na pengine ndiyo sababu alimaliza.

Habari njema ni kwamba mwili hufundishika. Ukifanya mazoezi katika joto kwa siku 10 hadi 14, saa moja hivi kila siku, maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Lakini ni nani hapa mjini atakayepewa likizo ya wiki mbili ili akatoe jasho Nyali? Karani wangu alikuwa na siku nne tu. Nilimshauri njia ambayo watafiti wameipima: ukitoka mazoezini, ingia katika maji ya nyuzijoto 40 hadi shingoni, kwa dakika 20 mwanzoni, ukiongeza hadi 40, siku sita mfululizo. Mtu awe karibu nawe, na utoke mara tu unapohisi kizunguzungu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba asijaribu. Faida hii nayo hufifia kadiri muda unavyopita, basi usiifanye mwezi mzima kabla ya safari.

Sasa tuje kwenye maji, jambo ambalo wengi hulielewa nusu. Tumeambiwa tunywe, tunywe, tunywe. Ukweli ni kwamba kunywa kupita kiasi kunaweza kuua. Maji mengi huzimua chumvi ya damu, ubongo ukavimba, na mtu akaanza kutapika, kuchanganyikiwa, hata kupatwa na degedege. Katika marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 yao walikuwa na chumvi pungufu. Dalili moja ya hatari ni kumaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Dawa ni mizani. Jipime bila nguo kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Kilo moja iliyopotea ni sawa na lita moja ya jasho. Siku ya mashindano, kunywa kwa kufuata kiu, wala usipite kipimo hicho. Chumvi katika kinywaji au chakula hufaa, ila haitamwokoa anayejijaza maji.

Aidha, acha kumeza diclofenac au ibuprofen ili miguu isiume. Dawa hizi hubana damu ya figo wakati figo tayari zina kiu. Ukiona mkojo rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mkimbiaji akianza kupepesuka, akasema maneno yasiyoeleweka au akazimia katika joto, msimkimbize kwenye gari kwanza. Iteni ambulensi huku mkimvua nguo na kumtumbukiza katika maji baridi, yenye barafu ikipatikana, kichwa kikiwa juu. Kama hakuna karai kubwa, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Akiwa amechanganyikiwa asinyweshwe kitu. Kila dakika ambayo mwili uko juu ya nyuzijoto 40 inaharibu ubongo, ini na figo.

Karani wangu alimaliza, nyuma ya wengi, akijisifu kwamba alitembea pale nilipomwambia atembee. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi, akashikwa na homa na maumivu ya viungo. Alikaa nyumbani siku mbili akidhani ni uchovu wa mashindano uliochelewa. Tulipompima damu tukakuta malaria. Nilikuwa nimemweleza juu ya joto, jasho na chumvi, nikasahau kumuuliza kama angelala ndani ya neti.