Ngazi Moja Kubwa: Mpunga na Maporomoko ya Songwe

Kule Batad, katika milima ya Ifugao nchini Ufilipino, wageni hupita kwa miguu katikati ya majaruba ya mpunga yaliyopangwa ubavuni mwa mlima ngazi juu ya ngazi, kisha hushuka hadi maporomoko ya Tappiya kuogelea. Mkoa wa Songwe hauna ngazi za namna hiyo, na atakayemwahidi mgeni kuziona atakuwa amemdanganya. Mpunga wetu hulimwa bondeni, kwenye tambarare. Hata hivyo, safari ya kutoka kwenye mpunga kupanda hadi penye maji yanayoanguka ni ya kwetu kuliko tunavyodhani, na wanaostahili kuiendesha ni wakulima wanaoyatumia maji hayo.

Tazama ardhi ilivyokaa. Miji ya Tunduma na Vwawa iko kwenye uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini uwanda huo unakatika na kuliangukia Bonde la Rukwa. Kusini-mashariki milima ya Ileje inateremka kuelekea Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye mita 475 hivi. Mikato hii ni kazi ya Bonde la Ufa: sehemu ya ardhi ilizama, nyingine ikabaki juu. Mto ukifika ukingoni hauna njia ila kuruka. Ukishatua chini unapoteza kasi na kuliacha tope ulilolibeba, na tope hilo, mwaka baada ya mwaka, ndilo shamba la mpunga. Ndivyo Mto Momba unavyoilisha Kamsamba kabla ya kuingia Ziwa Rukwa. Ndivyo pia Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi, unaotoka nyanda za juu na kumalizikia kwenye majaruba ya Kyela upande huu na Karonga upande wa pili. (Mito yenye jina la Songwe ni miwili; ule mwingine, ulio mpakani na Mbeya, humwaga maji yake Ziwa Rukwa.) Jirani zetu wa mkoa wa Rukwa wanao mfano mkubwa kuliko yote: Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Waifugao walizijenga ngazi zao kwa mikono. Kwetu ardhi ilijenga ngazi moja kubwa, maporomoko yakakaa ukingoni na mpunga ukakaa chini yake.

Kwa hiyo maji anayoogelea mgeni leo ni maji ambayo kesho yatapita kwenye banio na kuingia mferejini. Sabuni, uchafu, njia zinazokatwa ovyo kando ya kijito, vyote hushuka hadi jarubani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haitakuwa haki mkulima aambiwe aziheshimu mita hizo, kisha zigeuzwe kuwa kijiwe cha bia na nyama choma kwa jina la utalii. Jumuiya za Watumia Maji, zinazotambuliwa na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, zipo kwa ajili ya kugawana maji, kuamua ugomvi na kulinda vyanzo. Kuzipa pia kazi ya kuongoza wageni ni kuongeza chumba kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. UNESCO iliziorodhesha ngazi za Ifugao mwaka 1995, lakini kufikia 2001 zilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwani vijana walikuwa wakihama na kuta zikibomoka. Zilitolewa humo mwaka 2012. Mwaka huohuo kisiwa cha Bali kiliorodheshewa subak, vyama vya wakulima vinavyogawa maji ya mpunga, ilhali hoteli zilikuwa tayari zinagombania maji na ardhi na wakulima walewale. Sifa peke yake haimlindi mkulima.

Wapo watakaosema kuogelea huku ni hatari, na wana haki ya kusema hivyo. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia, kama ya mabwawa na majaruba, na mamba wapo Ziwa Rukwa na kwenye mito ya chini. Ndiyo sababu mahali pa kuogelea ni juu, kwenye maji baridi yaendayo kasi, wala si bondeni. Lakini huko nako kuna hatari yake: mvua ikinyesha mlimani, kijito hufura huku anga juu ya mwogeleaji ikiwa nyeupe. Safari hii basi ni ya Juni hadi Agosti, masika yakiwa yameisha na maji yamepungua, na mgeni asiruke kutoka mwambani wala asiingie chini ya maji yanayoanguka. Kalambo ni pa kutazama tu. Anayeyajua mabadiliko ya kijito, siku kwa siku, ni yule anayekitegemea kumwagilia.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi, maana hata Kimondo cha Mbozi, chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, wengi hukipita barabarani wakiwahi mpakani. Lakini kimondo hutazamwa kwa dakika chache, mtu akapiga picha na kuondoka. Kutembea kwa saa nne kunahitaji kiongozi, sahani ya wali, pengine na kitanda. Wateja wa kwanza wako Tunduma: madereva wanaosubiri mizigo, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka na Nakonde ya Zambia, walimu na wanafunzi wao. Kutoka Mpemba, jirani na Tunduma, hadi Isongole, wilayani Ileje, ni kilomita 50 hivi za lami. Jumuiya moja inaweza kuanza msimu huu kwa kupanga kiingilio, kukikatia risiti, na kuandika mapema ni kiasi gani kitakwenda kutengeneza banio.