Hedhi Ikikaribia Kukoma, Nenda kwa Daktari na Hesabu Yako

Msichana wa Bububu, Unguja, akivunja ungo hupata somo wa kumfundisha kujisitiri, kujitwahirisha na kuhesabu siku zake. Hedhi inapokaribia kukoma, haitwi mtu wa kumfundisha. Mama hubaki peke yake na joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu na hasira asizojua chanzo chake. Akifika kwa daktari husema, "Mwili hauko sawa tu," na kwa maneno hayo hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Ukomo wa hedhi huthibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, ikiwa sababu si mimba, kunyonyesha wala dawa za uzazi wa mpango. Wengi huufikia kati ya miaka 45 na 55. Lakini dalili hutangulia kwa miaka kadhaa, kwa sababu homoni ya estrojeni hupanda na kushuka kabla ya kupungua kabisa. Ndiyo maana damu huja mara mbili kwa mwezi, kisha ikapotea miezi mitatu. Katika kipindi hicho mimba bado inaweza kuingia.

Mwanamke anayeswali na kufunga tayari anajua siku alizoacha swala na siku za Ramadhani anazodaiwa. Hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari. Kwa miezi miwili au mitatu andika tarehe damu ilipoanza na ilipokatika, pedi ulizotumia kwa siku, mabonge kama yapo, joto limekujia mara ngapi, na usiku umeamka mara ngapi.

Katika miezi ya kaskazi Unguja nzima hutoka jasho, lakini joto la ukomo wa hedhi lina alama zake. Hulipuka kifuani, hupanda shingoni na usoni, hudumu dakika chache, kisha huacha jasho na pengine baridi, hata ukiwa umekaa chini ya feni. Likiandamana na homa, kikohozi cha wiki mbili au kukonda, daktari atatafuta malaria, kifua kikuu au maradhi ya tezi ya shingo.

Yako pia yanayofichwa zaidi: ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na mkojo unaochoma mara kwa mara. Ukavu huo aghalabu hauondoki wenyewe, lakini una tiba, ikiwemo vilainishi na krimu ya estrojeni. Mficha uchi hazai. Ukiona haya, omba kuonwa na daktari wa kike.

Ukienda kwa daktari, chukua na dawa zako zote: za presha, za sukari, mitishamba, hata habasoda. Eleza kama umewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda mguuni, kiharusi au maradhi ya ini, kwani tiba ya homoni haimfai kila mtu. Mwenye kizazi akipewa vidonge vya estrojeni huhitaji na projesteroni, ili ukuta wa kizazi usije ukapata saratani. Kwa hiyo usimeze vidonge vya shoga yako.

Mwisho wa mazungumzo uliza: Je, dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine? Tiba gani zinanifaa, na zina madhara gani? Nirudi lini? Ukiwa umepita miaka 45 na dalili ziko wazi, kwa kawaida kipimo cha damu cha homoni hakihitajiki. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, wahi kupimwa, maana mifupa na moyo vinahitaji kinga.

Jambo moja halingoji daftari: damu inayotoka baada ya ile miezi 12, hata tone. Wako wanaosema hedhi imerudi, wako wanaoiita istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Hukumu ya swala muulize sheikh. Sababu ya damu muulize daktari. Mara nyingi ni jambo dogo, lakini yaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wake, na ikigundulika mapema hutibika vizuri zaidi. Mama, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukiandikiwa rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, nenda bila kuchelewa.